Mwalimu wa Kwaya Aliyetuchumisha Kahawa Iliyokwisha

Nikiulizwa kwenye mtihani kama mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mtu mwema au mtu mbaya, nitaomba nipewe swali jingine, hata likiwa la jiometri. Nimemjua tangu natembea peku mpaka leo nipo kidato cha tatu na viatu ninavyo (ni vya dada, lakini ni viatu), na bado sijui nimweke upande gani. Kila nikimweka kulia ananitokea kushoto, tena amekunja uso kana kwamba mimi ndiye niliyepotea njia.

Kwa umbo alikuwa kama mwavuli uliofungwa: mrefu, mwembamba, koti jeusi jua liwake mvua inyeshe. Mfukoni mwa koti alikuwa na kile kichuma chenye meno mawili, ambacho ukikigonga kinalia sauti moja tu. Alikigonga gotini, akakipeleka sikioni, akafumba macho kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari, nasi tukasubiri kuambiwa kama vita imeisha. Kisha anafumbua macho na kusema, "Haya. Hiyo ndiyo sauti. Ninyi mnayo nyingine."

Yeye mwenyewe haimbi. Nasema kweli, hakuna mtu katika usharika wetu aliyewahi kumsikia akiimba. Ibadani, watu wakiwa wameshika vitabu vya nyimbo, yeye huchezesha midomo tu. Siku moja nilijipenyeza nikasimama karibu naye kabisa nisikilize. Hakukuwa na kitu. Nilisikia tumbo lake likinguruma, basi. Kaka Eliapenda, besi wetu mkuu, ana maoni kwamba mwalimu ana sauti mbaya kama ya punda. Bibi yangu anasema hapana, mtu huyo anaiweka sauti yake akiba. Nikamwuliza bibi, akiba ya lini? Akaniambia nichambue maharage.

Na majina yetu ya ubatizo hakuwa na habari nayo. Kwake mtu ni sauti. Ungekuwa kwenye foleni ya sabuni pale duka la kijiji, umejibana katikati ya watu wazima ukijifanya huonekani, mara unasikia nyuma yako, "Wewe Alto! Alto Mdomo! Toka hapo, umeruka watu!" Alto Mdomo ndiye mimi. Mdomo umeongezwa kwa sababu ambazo sioni haja ya kuzieleza. Ukimsalimia, "Shikamoo, mwalimu," anaitikia, "Marahaba, Alto, bibi yako mzima?" Ndiyo kusema bibi, ambaye hakuwahi kuimba kwaya, ndiye pekee nyumbani kwetu aliyebaki kuwa binadamu.

Dada yangu Aika alikuwa Soprano. Siyo soprano mmojawapo. Soprano. Wale wasichana wengine wa sauti ya kwanza mwalimu aliwaita "wasaidizi," nao walimchukia dada kwa upendo wa Kikristo.

Tuliishi na bibi kwa sababu baba na mama wanafanya kazi huko chini tambarare, kwenye mashamba ya miwa, wakipanda kutuona sikukuu kwa sikukuu wakiwa na sukari kidogo iliyofungwa kwenye kitambaa kama mgonjwa. Kwa hiyo aliyetulea hasa ni bibi, na aliyemlea bibi ni dada Aika, kwa kuimba. Aliimba akikamua ng'ombe, na ng'ombe akatoa maziwa. Akikamua mtu mwingine, ng'ombe anatoa teke. Aliimba akimenya ndizi za mtori, aliimba akinigombeza. Nilikuwa namwambia, "Dada, hata kunitukana unanitukana kwa beti tatu na kiitikio."

Sasa mwalimu na mbege. Jumapili akipewa nafasi ya kutoa neno kwa vijana, aliikemea mbege mpaka mate yanamtoka. "Pombe ni shimo!" Jumamosi, tukiwa kwenye kihamba cha mtu, yaani shamba lake la migomba na kahawa, akiletewa kata imejaa hakuikataa. Alikunywa polepole, akatikisa kichwa. Kaka Eliapenda alishindwa kujizuia.

"Mwalimu, si umesema ni shimo?"

"Nimesema."

"Na sasa?"

"Napima kina chake," akasema, akarudisha kata tupu.

Vilevile na chama. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa anataka kwaya iimbe kwenye mikutano, na mchungaji alikuwa hataki kwaya ichoshwe na mikutano, na mwalimu aliwaridhisha wote wawili kwa kuwa mvivu: alichukua wimbo wetu wa mavuno, akabadilisha maneno, akaweka kilimo na kujitegemea, tukaimba Jumatano mbele ya katibu kata. Balozi akapiga makofi mpaka kofia ikaanguka. Jumapili tukaurudisha kanisani na maneno yake ya mwanzo, lakini besi, ambao kichwa chao hubeba kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, walipofika ubeti wa pili wakaendelea kumshukuru katibu kata kwa mbolea. Kanisa zima likasema amina. Mwalimu hakugeuka hata kidogo. Baada ya ibada alisema, "Mbolea nayo ni ya Mungu," na ndiyo ikawa mwisho wa kesi.

Basi huyo ndiye mtu ambaye siku ya dada yangu alinyoosha mkono.

Kwanza nieleze desturi moja ya kwaya yetu, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyofuata, na mimi mwenyewe nayaelewa nusu. Sisi ni watu wa kujitolea. Kila Jumamosi kwaya inakwenda kwenye kihamba cha mtu aliyelemewa, mjane au mgonjwa, tunamsaidia kuchuma kahawa, na mazoezi yanafanyika humohumo. Mwalimu aliwapanga watu kwa mistari ya mibuni: soprano juu kabisa ya mteremko, alto chini yao, halafu sauti ya tatu, na besi kule bondeni karibu na mfereji. Alisema mlimani sauti inashuka kama maji, kwa hiyo besi lazima akae chini aipokee. Yeye alisimama katikati na fimbo, akiangalia vidole vyetu na midomo yetu kwa wakati mmoja. "Tena! Unachuma mbichi na unaimba mbichi!" Aliyesaidiwa alitupikia ndizi, tukarudi nyumbani tumeshiba na kahawa yake imechumwa, na wimbo tunaujua. Sharika nyingine zina kinanda. Sisi tulikuwa na mteremko.

Halafu dada akapata mimba. Aliyempa mimba alikuwa amekwenda zake Arusha, na hakuna aliyekwenda kumtenga huko Arusha. Dada alitengwa hapa, maana ndiye aliyekuwa karibu. Wazee wa kanisa walikaa wakapiga kura ya mikono, na mwalimu naye ni mzee wa kanisa, na Jumapili mchungaji akatangaza kwamba binti yetu Aika amewekwa chini ya maonyo, hatashiriki meza ya Bwana wala kuimba kwaya mpaka atakapotubu na kurudi kundini. Ilibidi aondoke kwenye benchi la kwaya, mbele, aende benchi la nyuma, watu wote wakimtazama. Ni hatua chache tu lakini kanisa lilikuwa refu siku ile. Mimi nilimwangalia mwalimu. Alikuwa anagonga kichuma chake gotini. Akatupa sauti, tukaimba. Tuliimba kama meza iliyovunjika mguu.

Nyumbani bibi aliuliza swali moja. "Na yule wa kwaya, naye alinyoosha mkono?"

"Walinyoosha wote, bibi," nikamwambia. "Kaka Eliapenda kasikia kwa baba yake, ambaye alikuwa ndani. Eti mwalimu ndiye aliyenyoosha wa kwanza."

"Yeleuwi," akasema bibi, akakaa chini.

Tangu siku ile dada akaacha kuimba. Simaanishi kanisani tu. Aliacha kabisa. Alikamua kimya, ng'ombe akampiga teke. Alipika kimya. Alinigombeza kwa maneno makavu, neno moja moja, kama mtu anayesoma tangazo, na nikagundua kwamba kugombezwa hivyo kunauma. Nilimfanyia vichekesho vyote ninavyovijua. Nilimwigiza mchungaji, nikaigiza ng'ombe, nikamwigiza mchungaji akikamua ng'ombe. Alitabasamu upande mmoja wa mdomo. Nikaanza kuogopa kwamba sauti ni kama mfereji, usiposafishwa unaziba, na siku ukitaka maji hayapo.

Jumamosi iliyofuata mwalimu akatangaza kwamba kwaya itakwenda kuchuma kwa bibi yangu.

Bibi hakuwa mjane mgonjwa. Mjane ndiye, lakini ana nguvu kuliko besi wote. Alisimama mlangoni akaangalia watu wakimwagika kihambani na vikapu. "Nani amewaita?"

"Tumejitolea, mama," akasema mwalimu.

"Nimejitolea mwenyewe kila siku, nimemwomba nani?"

Lakini huwezi kumfukuza mtu anayekuchumia kahawa. Safari hii akatupanga vingine: sauti ya kwanza hakuiweka juu ya mteremko. Aliiweka kando ya ukuta wa jiko letu, kule dada alikokuwa anapika. Walikuwa wanachuma mibuni miwili ile ile asubuhi nzima, maskini wasaidizi, wakirudia mstari wao mara kwa mara huku sisi wengine tumekaa. "Tena!" anawaambia. "Tena! Kwa sauti! Anayepika naye asikie!" Hapo akakohoa, akasema, "Yaani, bibi asikie."

Jumamosi nyingine tukarudi. Na nyingine. Kahawa ikaisha.

"Mwalimu," akasema Kaka Eliapenda, "hakuna kahawa."

"Palilieni."

"Tumepalilia wiki iliyopita."

"Kateni majani ya ng'ombe."

"Ng'ombe amelala, mwalimu. Ameshiba mpaka amechoka."

"Basi zibueni mfereji, Besi, na ufunge mdomo mpaka nikuambie ufungue." Tukazibua mfereji ambao haukuwa umeziba. Kijijini wakaanza kusema bibi yangu amewaroga walokole.

Na wajane wa kweli je? Walikuwepo, wakiwa na kahawa inaivia mtini. Mmoja alikuja kulalamika. Mwalimu alimsikiliza, akamwambia tutafika, na kwa kweli hatukufika. Hilo nalo niliweke wapi? Mtu anamdhulumu mjane ili amfanyie hisani msichana aliyemtenga kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu wetu wa dini shuleni anapenda kutuuliza, "Hapa tunajifunza nini?" Mimi sijui, bwana.

Siku moja wasaidizi waliingia mapema kwenye wimbo wetu mpya wa Krismasi, kabla ya zamu yao. Hapohapo ndani ya jiko mfuniko wa sufuria ukalia: pa!

Mwalimu akanyanyua fimbo, wote kimya.

"Mmesikia?"

"Sufuria, mwalimu," akasema msaidizi mmoja.

"Sufuria imejua mnaingia wapi. Ninyi hamjui. Tena!"

Wakaanza upya, wakakosea palepale. Pa! Safari ya tatu wakapatia, na jikoni kukawa kimya. Nilimwona mwalimu akicheka. Nasema "nilimwona" kwa sababu hakutoa sauti, koti tu ndilo lililotikisika. Nikakimbilia jikoni. "Dada! Unaimba kwa mfuniko!" Akaniangalia, tumbo limekuwa kubwa, moshi machoni. "Mfuniko ulianguka," akasema. "Kachume kahawa."

"Hakuna kahawa!"

"Basi kachume ujinga wako, upo mwingi."

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi kunitukana vizuri. Nilitoka nikiwa na furaha.

Mtoto alizaliwa, wa kiume, mwenye kichwa kama kiazi. Dada hakumwimbia. Alimbeba, akampapasa, akamtikisa alivyotikisika, lakini bembea ya mdomo hakumpa. Bibi ndiye aliyembembeleza kwa Kichagga na sauti yake iliyochakaa.

Kisha ikafika siku ya dada kurudi kundini. Alipiga magoti mbele, mchungaji akamwuliza maswali, akayajibu, akashikwa mkono na kuinuliwa. Wazee wakapita mmoja mmoja kumpa mkono. Mwalimu naye akapita, akampa mkono, mkono uleule. Kisha akaja mbele ya kwaya, akageuka, akainua mikono yote miwili, na akasubiri. Tulikuwa tumeacha nafasi kwenye benchi. Hakuwahi kuruhusu mtu kuijaza. Msaidizi akiisogelea, fimbo ilikuwa inagonga ubao.

Dada akapita mbele ya ile nafasi, akaenda nyuma, akakaa na bibi, akamchukua mtoto, akaangalia dirishani.

Mwalimu aliendelea kusimama mikono ikiwa juu. Watu wakaanza kukohoa. Halafu akaishusha mikono kidogo, akatupa sauti, tukaimba ule wimbo wa Krismasi ambao tulikuwa tumeuzibulia mfereji na kuukatia majani, na ulikuwa sahihi kabisa na haukuwa na maana yoyote.

Jumamosi ile kwaya ikaenda kwa mjane.

Mwalimu akaja kwetu peke yake, siku ya kawaida ya wiki, mchana, nikiwa nimetoka shule. Bibi alimwangalia mikononi. Huku kwetu mtu akikosana na mwenzake, akitaka yaishe, huleta jani la isale, na aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe, hata kama ameuliwa ng'ombe. Mikononi mwa mwalimu hakukuwa na jani lolote.

"Umesahau isale?" akauliza bibi.

"Sikusahau, mama. Sikuja kuomba msamaha. Nimekuja kuomba soprano."

Nilicheka. Bibi akanitazama, nikaacha. Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda ananyonyesha, na hakusimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Nikuulize?"

"Uliza."

"Ni kweli wewe ndiye uliyenyoosha wa kwanza?"

"Ni kweli."

"Kwa nini wa kwanza?"

Mwalimu akatafuta pa kukaa, hakupata, akabaki amesimama kichwa kikigusa moshi. "Wengine walikuwa wananiangalia mimi. Wanajua wewe ni Soprano. Walikuwa wanasubiri nikutetee ili waseme kwaya ina sheria yake na watu wengine wana yao. Yule binti wa jirani yenu alipotengwa mwaka juzi nilinyoosha. Hakuwa anaimba."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nilinyoosha. Na kesho ningenyoosha tena."

Bibi akasema kitu kwa Kichagga ambacho siwezi kukiandika hapa, kwa sababu daftari hili linasahihishwa na masista wa shule yetu.

"Na kahawa je?" dada akauliza. "Wiki zote zile?"

"Kahawa haikukatazwa. Walikukataza kuimba na kwaya. Hawakuikataza kwaya kuimba na wewe."

"Mimi sikuimba."

"Sufuria iliimba."

Hapo hata mtoto aliacha kunyonya akageuza kile kichwa. Nilitaka dada amfukuze. Pia nilitaka asimfukuze. Nilikuwa nataka vyote viwili kwa nguvu sawasawa.

"Sijakusamehe," dada akasema mwishoni.

"Sauti ya kwanza haihitaji kusamehe. Inahitaji pumzi."

"Na huyu? Nikiimba atakaa na nani? Bibi huwa shambani, huyu mdomo naye ni alto."

Mwalimu akamtazama mtoto kama anavyowatazama waimbaji wapya wa sauti ya tatu, bila matumaini. "Na mimi," akasema.

"Hamna akili nyote wawili," akasema bibi, lakini alikuwa ameshaanza kutafuta kitambaa kisafi cha kumfungia mtoto.

Jumamosi tulikuwa kwenye kihamba cha mjane yule aliyelalamika. Dada alifika tumeshaanza. Hakumsalimia mtu. Alimkabidhi mwalimu mtoto kama mtu anayerudisha kikapu kilichoazimwa, akapanda mteremko, wasaidizi wakasogea. Mwalimu alimshika mtoto kwa mkono wa kushoto, kichwa begani, na kwa mkono wa kulia akanyanyua fimbo. Mtoto akaona kola ya lile koti jeusi, akaitia mdomoni yote. Kaka Eliapenda alijiziba uso kwa kikapu.

Dada akaanza. Mwanzoni sauti ilikuwa na kutu, ikakwama, akakohoa, akaanza upya. Halafu ikatoka. Ikashuka ule mteremko ikipita kati ya mibuni, na watu wakaacha kuchuma. Hakuwa anamwangalia mwalimu. Alikuwa anaangalia juu ya kichwa chake, kule nyuma, kwa hasira kabisa, machozi yanamtiririka na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa imejaa kahawa. Na yule mwalimu, ambaye angenyoosha tena, alikuwa amefumba macho, mate ya mtoto yanamshuka kwenye koti, fimbo imesahaulika hewani.

Mimi nilimwangalia huyu, nikamwangalia yule. Nilikuwa bado natafuta nani amemshinda nani.

"Alto!" akapiga kelele bila kufumbua macho. "Zamu yenu imepita! Mmekufa?"

Hatukuwa tumekufa. Tulikuwa hatujui tuingilie wapi.